Biki ya bei ndogo, maandishi ya muda mrefu

KAMBOVE – Kila mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa, meza za soko la Kambove hujaa biki. Zinapangwa juu ya plastiki kati ya kaye, sabuni na mishumaa: za bluu, nyeusi na nyekundu, zenye kifuniko na za kubofya, nyingine za rangi ya kung'aa, nyingine zenye harufu ya pipi. Mzazi anasimama pale na watoto watatu, anauliza bei, anachukua ile ya chini kuliko zote na kwenda zake. Kisha wiki mbili mtoto anarudi nyumbani na kusema: "Mama, biki haiandiki tena."

Inaonekana ni jambo dogo. Mtu aliye na tatizo la bukari ya jioni hana muda wa kufikiri juu ya kalamu. Lakini ndugu msikilizaji, hesabu mwenyewe vitu ambavyo familia inaviandika kwa mkono katika mwaka mmoja: deni la butiki, zamu za likelemba, namba za telefone, tarehe za chanjo ya mtoto, jina katika orodha ya shefu wa kartie, karatasi ya kununua lupango. Na kwa familia zilizofika hapa zikitoka Mitwaba, Pweto au Kivu, mara nyingi kilichoandikwa ndicho pekee kilichobaki cha nyumba iliyoachwa. Biki ni ya bei ndogo. Kile inachokishika si cha bei ndogo.

Kuna mama mmoja wa Kambove ambaye amelijua jambo hili kwa njia ngumu, na leo watu wengi wa kartie yake wanamuuliza yeye kabla ya kununua.

Kaye iliyolowa

Mama huyu ni mtu wa Mitwaba. Alikimbia na watoto wawili mwaka 2013, wakati vikundi vyenye silaha vilipowasha moto katika vijiji vya eneo lile ambalo watu waliliita pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto. Mwisho wa mwaka ule, hesabu ya Umoja wa Mataifa ya watu waliohama makwao katika Katanga nzima ilifika takriban 400,000. Yeye alitembea kwa miguu, akapata gari la mizigo, akafika Likasi, kisha akapanda mpaka Kambove kwa mjomba wa mume wake. Tangu wakati ule anauza mikate asubuhi. Kwa sababu alisoma darasa sita za msingi na miaka miwili ya sekondari, na mwandiko wake unasomeka, wamama 12 wa likelemba walimchagua kuwa mwandishi. Wanamuita Mama Sekretere.

Likelemba ile ni ya kawaida. Kila wiki kila mama anatoa franka 5,000, na mmoja anachukua zote 60,000. Mwingine anaongeza mfuko wa makala, mwingine analipa nyumba, mwingine anapeleka mtoto hospitali. Hakuna benki wala avoka. Kuna kaye moja ya kurasa 48 na uaminifu wa watu.

Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, katikati ya majira ya mvua, upepo ulisogeza janjanja moja juu ya nyumba. Maji yakadondoka usiku kucha juu ya kibao alipoweka kaye. Asubuhi alipoifungua, aliona jambo la ajabu. Safu ya majina, aliyoiandika na biki ya zamani ya kifuniko, ilikuwa pale yote, kila herufi. Lakini safu za malipo za wiki saba, alizoziandika na kalamu nzuri ya jeli aliyopewa zawadi na mtoto wa dada yake toka Likasi, zilikuwa zimegeuka wingu la zambarau. Karatasi ilikuwa ile ile, na maji yale yale. Kalamu ndizo zilizokuwa mbili.

Jumapili kisha ibada wamama walikutana. Yaya mmoja muuza makala alisema amelipa mara zote saba. Wawili hawakukumbuka vizuri wiki ya tano. Hesabu ilikosa franka 15,000. Hapo ndipo sauti zilianza kushuka na macho kukwepana, na mmoja akatamka neno ambalo kila mtu aliyehama makwao analijua: "watu wa kuja." Mama Sekretere alinyamaza. Angeweza kulipa 15,000 kwa kuuza sufuria yake kubwa. Lakini jina la mwizi halilipwi kwa sufuria.

Mama Prezida, aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines hapa hapa, ndiye aliyekata maneno: "Maji hayana kabila. Kama kosa ni la kalamu, tuseme ni la kalamu." Wakakaa mpaka jioni. Kila mmoja alisema mbele ya wote alilipa lini, nani alikuwa karibu, noti zilikuwa za namna gani. Mmoja alikuwa na ujumbe wa M-Pesa katika telefone yake. Franka 10,000 zikaeleweka. Zile 5,000 zilizobaki hakuna aliyeweza kuzithibitisha, zikachukuliwa katika kisanduku cha faini. Likelemba haikuvunjika, lakini ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya wino.

Majaribio ya mama wa mikate

Kisha siku ile Mama Sekretere hakununua tena biki kwa kufuata rangi. Alienda sokoni akanunua kalamu nne za namna tofauti, moja moja: biki ya kifuniko inayoonyesha wino ndani, biki ya kubofya, kalamu ya jeli, na feltre ya kuchora. Nyumbani alichukua karatasi tatu. Kwenye kila moja aliandika jina lake na neno Kambove mara nne, kila mara kwa kalamu yake.

Karatasi ya kwanza aliiacha ikauke, kisha akaimwagia maji ya bomba. Feltre ilikimbia mara moja. Jeli ilifuata. Biki mbili zilibaki.

Karatasi ya pili aliibandika ndani ya dirisha lenye jua la mchana kwa mwezi mmoja. Hapa hata biki zilidhoofika. Bluu ya moja ikawa nyepesi, ya nyingine ikasomeka vizuri zaidi. Alijifunza kwamba biki inashinda maji lakini haishindi jua milele.

Karatasi ya tatu aliigusa kwanza kwa vidole vyenye mafuta ya mikate, ndipo akaandika. Kila kalamu iliruka mahali penye mafuta. Biki ambayo alitaka kuitupa jana yake kwamba imekufa, aliifuta ncha yake kwa kitambaa, ikaandika tena. Kumbe mara nyingi ilikuwa mikono yake.

Majaribio haya hayagharimu kitu kikubwa, na yeyote anaweza kuyafanya katika nyumba yake. Sababu ya matokeo yake ni hii. Wino wa biki ni mzito kama siagi laini, umetengenezwa kwa mafuta, kwa hiyo maji hayauyeyushi. Wino wa jeli una maji ndani yake. Ziko jeli za bei ya juu ambazo wino wake ukikauka haukimbii, lakini nyingi za bei ndogo hazina nguvu hiyo. Tena kuna kalamu ambazo maandishi yake yanafutika kwa kusugua: zinafutika kwa joto. Ukiacha karatasi yake karibu na mbabula au kwenye gari lililosimama juani, maneno yanaweza kuondoka. Hiyo isiguse kamwe kaye ya pesa wala karatasi ya serikali.

Kitu kidogo kinachotoka mbali, na kinachotoka karibu

Neno biki lenyewe ni jina la mtu. Marcel Bich aliuza kalamu yake ya kwanza ya namna hii Ufaransa mwezi wa 12 mwaka 1950. Aliondoa herufi ya mwisho ya jina lake, ikabaki Bic, na vinywa vya Katanga vikaongeza i. Mwaka 2006 kampuni ile ilihesabu biki bilioni 100 zilizouzwa duniani.

Lakini aliyeifanya kalamu ya kidonge ifanye kazi vizuri kabla ya Bich alikuwa László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria. Aliona kwamba wino wa matbaa ya magazeti unakauka haraka, lakini ni mzito mno kwa kalamu ya nibu. Akiwa na ndugu yake György, mtu wa kemia, akatafuta namna ya kuutoa kwa kidonge kidogo kinachozunguka kwenye ncha. Alikuwa Myahudi, akaacha nchi yake na mwishowe kukimbilia Argentina. Kule ndiko alikoandikisha haki ya kalamu yake mwaka 1943. Kwa hiyo kalamu ambayo leo inaandika majina ya wakimbizi ilikamilishwa na mtu aliyekimbia. Familia zilizohama zinaweza kulijua hilo bila kuona aibu.

Na kuna la karibu zaidi. Kidonge kile cha ncha, kwa kawaida chenye upana wa milimeta moja au chini yake, katika biki nyingi kinatengenezwa kwa unga mgumu wa tungsteni ulioshikamanishwa kwa chuma kingine. Chuma kinachotumiwa sana kuushikamanisha ni kobalti. Kikombe kidogo kinachokishika kidonge mara nyingi ni cha shaba iliyochanganywa na zinki au nikeli. Shaba na kobalti ndivyo vitu ambavyo Kambove inavichimba tangu nyakati za Union Minière, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Hakuna anayeweza kusema kobalti ya biki fulani ilitoka shimo gani. Lakini mtoto wa Kambove anayesema biki ni kitu cha wazungu aambiwe atazame tena ncha yake.

Namna ya kuchagua mezani

Leo Mama Sekretere akisimama mbele ya meza ya biki anafanya mambo matano, na muuzaji amekwisha kumzoea.

Kwanza anatazama wino. Anapenda biki ambayo mwili wake au mrija wake unaonyesha ndani, ili aone kama umejaa mpaka juu. Biki iliyofungwa yote kwa rangi inaweza kuwa na wino wa vidole viwili tu. Akiona mapengo ya hewa katikati ya wino anairudisha.

Pili anaijaribu. Anaomba kipande cha karatasi na kuandika namba nane mara kumi bila kuinua mkono. Mstari ukiruka, au ukitoka mweupe upande mmoja, kidonge hakizunguki sawasawa. Akiona matone ya wino yanabaki kwenye mizunguko, anajua itachafua kaye na mfuko wa shati la shule. Muuzaji mwaminifu hakatai jaribio. Anayekataa, meza nyingine iko hatua tatu mbele.

Tatu anasoma namba kama imeandikwa. Biki ya 1.0 inatoa mstari mnene na kuteleza vizuri kwenye karatasi mbaya ya kaye za bei ndogo. Ya 0.7 inatoa mstari mwembamba, inatumia wino kidogo zaidi, inafaa kwa safu za hesabu zilizobanana, lakini inaweza kukwaruza karatasi. Kwa watoto wadogo wanaokandamiza sana anachagua 1.0.

Nne anatazama kifuniko. Kiwe na tundu juu. Tundu lile halikuwekwa kwa ajili ya wino. Liliwekwa ili mtoto akimeza kifuniko kikakwama kooni, hewa ipite kidogo wakati anapelekwa hospitali. Halimfanyi mtoto kuwa salama kabisa, na mtoto mdogo asipewe kifuniko kuchezea. Tena kuna tundu jingine dogo ubavuni mwa mwili wa biki nyingi: hilo linaingiza hewa ili wino ushuke. Watoto wanaoliziba kwa karatasi au kwa jojo wanaiua biki yao wenyewe.

Tano ananunua moja kwanza. Kama imekwisha vizuri mpaka tone la mwisho, ndipo anarudi kununua pakiti ile ile. Jina lililoandikwa juu peke yake halitoshi, kwa sababu biki za kuiga ziko sokoni, na ya kuiga inaweza kufanana na ya kweli mpaka siku ya kuandika.

Bei ya kweli

Wengi wanasema: hayo yote kwa ajili ya biki? Si afadhali kuchukua ya chini na ikifa kununua nyingine? Mama Sekretere huwajibu kwa hesabu ya mikate. Tuseme biki moja ni franka 300, lakini inakauka ikiwa imefika nusu. Nyingine ni franka 500 na inaandika mpaka mwisho. Kupata maandishi ya biki nzima katika ile ya kwanza, unahitaji mbili, yaani franka 600. Aliyenunua ya 300 amelipa zaidi, na tena amekwama siku ya interro.

Hesabu hii haimaanishi kwamba ya bei ya juu ndiyo nzuri siku zote. Kalamu ya kubofya yenye chuma cha kung'aa inaweza kuwa na mrija ule ule wa wino, au mdogo zaidi, na springi inayokatika. Mtu analipa chuma, si maandishi. Katika majaribio yake, iliyoshinda haikuwa ya juu wala ya chini. Ilikuwa ile ya kawaida, ya kifuniko, isiyo na mapambo, ambayo kila mtu anaipita akitafuta nzuri zaidi.

Kwa familia yenye watoto watatu shuleni anashauri hivi: biki mbili za bluu kwa kila mtoto mwanzoni mwa mwaka, moja mfukoni na moja nyumbani. Elimu ya msingi katika shule za serikali imetangazwa kuwa ya bure tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, lakini kaye na biki bado zinatoka mfukoni mwa mzazi. Mtoto anayeazima biki kila siku anapoteza zaidi ya wino. Mwalimu anasoma somo kwa sauti, wengine wanaandika, yeye anangoja mwenzake amalize mstari. Jioni kaye yake ina mashimo, na mwisho wa mwaka mashimo yale yanatokea kwenye mtihani. Na mtoto mhamaji, ambaye tayari anacheka kwa kuogopa akiulizwa ametoka wapi, asiongezewe jina la "muombaji wa biki".

Namna ya kuitunza

Biki nyingi zinazotupwa Kambove hazijafa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga inapokaza, wino unakuwa mzito na biki inakataa. Ishikwe katika kiganja dakika mbili, au iwekwe kwapani, itaamka. Isichomwe kwa kiberiti: ncha inaharibika na plastiki inayeyuka. Ikikataa baada ya kulala muda mrefu, izungushwe taratibu juu ya soli ya mpira ya kiatu, ambayo inakishika kidonge na kukizungusha bila kukikwaruza.

Usiandike ukiweka karatasi ukutani. Biki inashusha wino kwa uzito wake. Ncha ikitazama juu, hewa inaingia nyuma ya kidonge na mstari unakatika. Wanaosajili watu wamesimama, karatasi juu ya ukuta au mgongo wa mwenzao, wanaharibu biki na majina pamoja. Kibao kidogo au jalada la kaye ngumu linatosha.

Vumbi ni adui mwingine, na hapa vumbi halikosekani, la barabara na la mgodi. Kifuniko kirudishwe kila mara. Mikono ifutwe mafuta. Na manukato au alkoli ya kuosha mikono visiguse karatasi: maji hayawezi kuuyeyusha wino wa biki, lakini alkoli inaweza.

Karatasi za mtu aliyehama

Likasi, ndugu wa karibu wa Kambove, inakumbuka jambo hili. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa katika Katanga waliishi kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Katika safari ya namna ile mtu habebi kabati. Anabeba mtoto, sufuria na karatasi. Na wanaofika leo toka kaskazini, au toka Kivu baada ya vita kufika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wanafika na mfuko ule ule.

Kwa hiyo Mama Sekretere amewafundisha majirani wake wahamaji kuwa na kaye moja ya familia, inayoandikwa kwa biki peke yake, bluu au nyeusi. Anapenda bluu, kwa sababu kwenye karatasi ya serikali inaonyesha upesi kwamba hii ni ya asili na si fotokopi nyeusi. Ndani yake yaandikwe majina kamili ya kila mtu wa nyumba kama yalivyo kwenye karatasi, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kijiji na shefu wa kijiji kilichoachwa, namba ya karte ya uchaguzi, kwani wino wa karte yenyewe unaweza kufifia, namba za telefone za ndugu, darasa alilofika kila mtoto na shule aliyoiacha. Telefone inaibiwa na betri inakufa. Kaye iliyofungwa katika mfuko wa plastiki, mbali na jua na mbali na paa linalovuja, inangoja.

Anasisitiza jambo moja kwa wamama wenye watoto wachanga. Sheria ya familia ya Kongo inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Siku ile, kabla ya kwenda ofisini, jina la mtoto liandikwe wazi kwenye kipande cha karatasi, herufi kubwa, kwa biki inayoandika vizuri, na karatani apewe aisome mwenyewe asiandike kwa kusikia tu. Majina ya Kisanga, Kiluba au Kihavu yanapotamkwa haraka mbele ya mtu asiyeyazoea yanapotea herufi. Kurekebisha jina lililokwisha kuingia katika kitabu kunaweza kumpeleka mzazi mpaka mahakamani, kwa pesa na siku nyingi. Karatasi ndogo na biki nzuri ni bei ndogo kuliko hiyo.

Likelemba leo

Likelemba ya wamama 12 inaendelea, na sasa ina sheria mpya nne. Biki ya kikundi inanunuliwa kwa pesa ya kisanduku na haiazimwi, hata kwa mtoto wa Mama Prezida. Kuna kaye mbili, moja kwa Mama Sekretere na moja kwa mama mwingine wa mtaa wa juu, na zinaandikwa siku moja, mbele ya wote. Kila malipo yanasomwa kwa sauti kabla ya watu kuondoka. Na kila anayelipa anaweka sahihi.

Wanne kati yao hawajui kuandika. Pale hakuna tampo ya wino, kwa hiyo Mama Sekretere anachukua kidole gumba cha kila mmoja, anakipaka wino wa biki polepole, mistari midogo ya karibu karibu mpaka kimejaa, kisha anakikandamiza kwenye mraba wake. Koko mmoja wa miaka mingi, ambaye mumewe alikufa mgodini na ambaye hajawahi kukaa darasani, hakubali kupakwa bila kuuliza kwanza: "Hii ni ile ya maji, ama ni ile inayobaki?" Mama Sekretere anamuonyesha biki ya kifuniko. Koko anatoa kidole.